Chuo Kwanza, Shule Baadaye: Umri wa Kuanza Masomo katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha asili ya maneno, aghalabu huwapa wanafunzi wake maneno matatu yanayokaribiana maana: shule, skuli na chuo. La kwanza tulilipata kwa Wajerumani, la pili kwa Waingereza. La tatu ni kongwe zaidi. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu, na pia ni mahali kinaposomwa kitabu hicho, ndiyo maana msomi wa dini akaitwa mwanachuoni. Hata kitenzi kuhitimu, ambacho siku hizi tunakitumia kwa kijana aliyevalishwa joho na kupewa shahada, asili yake ni kuimaliza Kurani. Aliyehitimu ni yule aliyeisoma hadi mwisho mbele ya mwalimu wake.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu yanasaidia kuelewa jambo ambalo maofisa wa serikali mbalimbali wameliona katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji na kulipa jina moja tu, yaani ujinga wa wazazi. Jambo lenyewe ni hili: mtoto ametimiza miaka sita au saba, shule ipo, na baba yake anasema angoje kwanza. Nchi nyingine wazazi hujiuliza swali hilo kwa kuangalia kama mtoto ameshapevuka kiasi cha kukaa darasani na kushika kalamu. Kuanzia kisiwa cha Ibo hadi mdomo wa mto Ruvuma swali limekuwa na uzito mwingine, kwani kungoja hakukuwa kukaa bure. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba uamuzi ule ulikuwa na hesabu yake, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa na gharama ambayo watu wa pwani wameilipa kwa muda mrefu.

Msomaji asiyeifahamu sehemu hiyo ni vizuri aelezwe kwa ufupi. Ukivuka Ruvuma kutoka Mtwara unaingia wilaya ya Palma, kisha unafuata Mocímboa da Praia, Macomia, Quissanga na visiwa vya Quirimba ambavyo Ibo ni kimojawapo. Watu wa mwambao huu wengi ni Waislamu, wavuvi na wafanyabiashara. Wanazungumza Kimwani, lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, ambayo jina lake linatokana na neno lao la pwani. Palma yako pia makundi ya Wamakwe, na Kiswahili chenyewe kinasikika sokoni na kwenye majahazi. Bara kidogo, katika uwanda wa juu wa Mueda, wako Wamakonde. Nawaomba wasomaji wautie akilini uwanda huo, nitaurudia.

Sasa tuje kwenye chuo. Mtoto wa pwani alitiwa chuoni akiwa na umri wa miaka mitano hadi saba, na hakuna aliyeuliza cheti cha kuzaliwa. Alikaa mkekani na ubao wake. Alisoma herufi, kisha irabu zake, kisha kuziunganisha, halafu akaingia juzuu ya Amma yenye sura fupi na kuendelea mbele. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku za mapumziko. Mwalimu alilipwa kidogo kidogo, na wanafunzi walimsaidia kazi za nyumbani na shambani. Wareno walilisikia neno mwalimu mara nyingi kiasi cha kuliandika katika taarifa zao kama mualimo, na katika taarifa hizo mualimo ni mtu wa kuangaliwa kwa jicho la mashaka. Wavulana na wasichana wote walikwenda. Wengi hawakuhitimu, waliishia juzuu chache na sala zao. Lakini waliofika mbali walipata kitu ambacho walimu wa lugha hatuna budi kukitilia maanani: waliweza kuandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu.

Ushahidi upo. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Msumbiji mjini Maputo kuna barua nyingi za karne ya 19 ambazo masultani, mashehe na wakubwa wa pwani ya kaskazini waliwaandikia maofisa wa Kireno. Zimeandikwa kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Watafiti kama Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamezishughulikia katika miaka ya karibuni, na kazi zao zinafaa kusomwa na kila mwanafunzi wetu anayedhani kwamba mpaka wa Kiswahili ni Ruvuma. Serikali ya Kireno ilizipokea barua hizo, ikaweka wakalimani wa kuzisoma, ikajibu. Kwa maneno mengine, kulikuwa na wakati ambapo elimu ya chuo ilikuwa pia elimu ya ofisi. Mzazi wa Ibo au wa Tungi, karibu na Palma, aliyempeleka mwanawe chuoni alikuwa anampa dini na kumpa kazi kwa pamoja.

Hali hiyo ilibadilika watoto wakiwa mkekani. Wareno waliichukua ghuba ya Tungi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1887. Kampuni ya Niassa ilipewa hati mwaka 1891, na ikatawala eneo lote la kaskazini hadi 1929, ikijishughulisha zaidi na kodi na kuwakamata watu kwa kazi kuliko shule, ambazo zilikuwa chache mno. Ofisi ikahamia kwenye Kireno na herufi za Kirumi. Barua ya Kiswahili haikumfikisha mtu popote tena.

Hapo ndipo swali la umri lilipoanza kuwa swali. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipanga elimu maalumu ya Waafrika, iliyoitwa ya msingi wa awali, na lengo lake lililotamkwa lilikuwa kumtoa mwenyeji katika ushenzi. Mwaka 1940 Ureno ilitia saini mkataba na Vatikani, na mwaka 1941 ikafuata Sheria ya Misheni ambayo iliikabidhi elimu hiyo kwa Kanisa Katoliki. Sheria ikaweka kwamba shuleni ni Kireno tu. Lugha za wenyeji ziliruhusiwa katika kufundishia dini, na dini hiyo ni moja.

Hebu tujiweke mahali pa mzazi wa Mocímboa da Praia mwaka 1950. Shule iliyopo, kama ipo, ni ya misheni. Mtoto akiingia atasoma katekisimu. Atafundishwa kwa lugha ambayo nyumbani hakuna anayeijua. Akiwa na miaka sita bado hajasoma hata juzuu moja, kwa hiyo hana cha kushika. Akiwa na miaka kumi amekwisha jua sala, amekwisha jua yeye ni nani, na padri atahangaika naye. Methali ya samaki mkunje angali mbichi inajulikana mwambao wote, na kila upande ulikuwa na sababu ya kutaka kumkunja kwanza. Kwa hesabu hiyo kuchelewesha lilikuwa jambo la akili. Wapo waliochelewesha hadi wasipeleke kabisa, lakini hayo ni mambo mawili tofauti, na kosa la taarifa za kikoloni ni kuyaandika kama jambo moja.

Kwamba si dini ya Kiislamu iliyowazuia watu wa pwani kusoma shule, tunaweza kuliona kwa kutazama upande wa pili wa Ruvuma. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Shule zao za serikali hazikuwa za misheni na zilifundisha kwa Kiswahili. Watoto wa Kiislamu waliingia, na waliotoka wakawa makarani na maakida. Kionga, pale kusini mwa mdomo wa Ruvuma, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani kuanzia 1894 hadi Wareno walipoiteka mwaka 1916, kwa hiyo habari za shule hizo hazikuwa ngeni kwa watu wa Palma. Zanzibar nako, serikali ya Waingereza ilipoona wazazi wanasita, iliingiza masomo ya Kurani ndani ya shule zake. Mzazi akiambiwa chuo kimo shuleni, haja ya kungoja inapungua. Kusini mwa Ruvuma hakuna aliyemwambia hivyo.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mara nyingi tunadhani kwamba kuchelewesha mtoto ni fikra ya mzazi wa kijijini, na kwamba serikali siku zote husukuma mbele. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alipendekeza umri wa kuanza shule ya msingi upandishwe kutoka miaka mitano au sita ya wakati ule. Sababu zake zilikuwa mbili: mtoto atamaliza akiwa mkubwa wa kutosha kufanya kazi kijijini, na akiwa shuleni atajifunza kwa haraka zaidi. Tanzania ikashika miaka saba. Wengi wetu tuliosoma miaka hiyo tunakumbuka kipimo cha kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Usipolifikia, unarudishwa nyumbani hadi mwakani. Sijapata kusikia mtu akiuita uamuzi wa Mwalimu ujinga. Hoja ya pili ya Nyerere, kwamba mtoto mkubwa hujifunza upesi, ndiyo hasa ambayo mzee wa pwani angekupa ukimuuliza kwa nini mjukuu wake yuko chuoni bado.

Turudi Cabo Delgado, na kwenye ule uwanda wa juu. Wamisionari wa shirika la Montfort walifungua misheni ya Nangololo mwaka 1924. Wamakonde hawakuwa na chuo, na hawakuwa na sababu ile ya kungoja. Baadhi ya watoto wao wakaingia shule za misheni, wakajua Kireno. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na vita vilipoanza Chai tarehe 25 Septemba 1964, uwanda ule ukawa moyo wa mapambano, na watoto wake wengi wakasomeshwa katika shule za chama upande wa Tanzania. Filipe Nyusi, aliyekuwa Rais wa Msumbiji kuanzia 2015 hadi 2025, ni Mmakonde wa Mueda, na alianza elimu yake katika shule ya FRELIMO huko Tunduru. Watu wa pwani nao waliunga mkono mapambano, wako waliofungwa na waliouawa na polisi wa kisiasa wa Kireno. Lakini uhuru ulipofika tarehe 25 Juni 1975, lugha ya serikali mpya ilikuwa Kireno, na kazi za serikali zikaenda kwa wenye Kireno. Jirani wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, wakajikuta mbalimbali. Siyo elimu peke yake iliyosababisha hayo, na historia ya vita ina uzito wake. Hata hivyo miaka minne au mitano ya kungoja katika utoto, ikizidishwa kwa vizazi viwili, ilionekana wazi katika orodha ya wafanyakazi wa wilaya. Hii ndiyo gharama niliyoitaja mwanzoni, na sioni haki kuificha kwa kuisifu elimu ya chuo.

Nchi ilianza uhuru wake huku ikitajwa kwamba watu 93 katika kila 100 hawajui kusoma na kuandika. Takwimu hiyo imerudiwa katika vitabu vingi, na sina nia ya kuipinga, ila nawauliza wanafunzi wangu: waliohesabiwa kuwa hawajui, wangapi waliweza kuandika barua ya Kimwani kwa herufi za Kiarabu?

Serikali ilitaifisha shule mwezi Julai 1975, na misheni ikaondoka katika elimu. Kwa mzazi wa pwani kikwazo kimoja kiliondoka, ingawa miaka ya mwanzo chama tawala hakikuwa na urafiki na dini yoyote. Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Elimu ya mwaka 1983 iliweka kuanza darasa la kwanza kwa miaka saba. Sheria iliyoibadili, ya mwaka 1992, ikashusha hadi mwaka ambao mtoto anatimiza sita, na sheria ya mwaka 2018 ikabaki hapo huku ikiurefusha ulazima hadi darasa la tisa. Shule zikawa za zamu. Zamu ndiyo iliyofanya kazi ambayo hotuba hazikuweza: mtoto wa zamu ya mchana alikwenda chuoni asubuhi, na wa asubuhi alikwenda chuoni alasiri. Wazazi wengi wakaacha kungoja.

Waliobaki wakingoja walikuwa na sababu ambazo hazihusu dini. Mwaka wa masomo Msumbiji hufunguliwa katikati ya mvua na kaskazi, wakati ambapo baadhi ya familia za wavuvi ziko dago, mbali na nyumbani. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huandikishwa kwa kukisia. Na kubwa zaidi ni lugha. Katika sensa ya mwaka 1980 waliosema Kireno ni lugha yao ya kwanza walikuwa asilimia 1.2 ya wananchi. Mwaka 2017 walikuwa asilimia 16.6, wengi wao mijini. Mtoto wa Kimwani wa miaka sita anayesikiliza Kireno kutwa nzima anaweza kukaa mwaka mzima bila kuelewa, akarudia darasa, akarudia tena. Mzazi akiona mkubwa wake amerudia mara mbili, si ajabu akamchelewesha mdogo, kwa kuwa miaka yote miwili imepotea kwa njia moja au nyingine, na afadhali ipotee nyumbani.

Kwa mintarafu hii, mageuzi ya mtaala ya mwaka 2003 yalikuwa muhimu kuliko kifungu chochote cha umri. Baada ya majaribio ya Changana huko Gaza na Kinyanja huko Tete katika miaka ya 1990, Msumbiji iliruhusu elimu ya lugha mbili, na Kimwani ni miongoni mwa lugha zilizoingizwa. Mtoto anaanza kusoma kwa lugha yake, Kireno kinakuja kwanza kwa mazungumzo tu. Ufinyu wa vitabu na wa walimu waliofunzwa umekuwa tatizo, na yapo madarasa ambayo yalianzishwa yakafa. Lakini mwelekeo ni sahihi. Hatuwezi kusema miaka sita ni mapema au ni sawa bila kwanza kusema mtoto atafundishwa kwa lugha gani, na walimu wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo kwenye mikutano ya elimu badala ya kuwaachia wanasaikolojia.

Kuna suala la wasichana ambalo wazee wa pwani hawapendi kulijadili. Mvulana aliyeanza shule na miaka kumi angeweza kuvumilia akafika darasa la saba akiwa kijana. Msichana aliyeanza na miaka kumi anavunja ungo akiwa darasa la tatu au la nne. Anawekwa ndani, anafundwa, na posa inaletwa. Kwa kaka yake kungoja ni kuchelewa, kwake yeye mara nyingi ni kukosa kabisa. Hesabu ile ya zamani, ambayo nimeitetea hapo juu, ilipigwa na akina baba wakiwafikiria watoto wa kiume.

Mwezi Oktoba 2017 vilianza vita vya sasa, kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Watafiti wa Maputo waliochapisha matokeo yao mwaka 2019 walieleza kwamba kundi lile, kabla ya kushika silaha, liliwakataza wafuasi wake kupeleka watoto shule za serikali. Wako waandishi waliochukua habari hiyo na kuiunganisha moja kwa moja na desturi ya chuo. Kuunganisha huko si sahihi. Desturi ya chuo ilikuwa na mwisho wake uliojulikana, yaani mtoto akihitimu au akipata juzuu zake basi aende popote. Walimu wa vyuo na mashehe wa pwani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulipinga kundi hilo, na baadhi yao waliuawa.

Tufanye hesabu moja ya mwisho, ya mtoto wa Mocímboa da Praia ambaye alitimiza miaka sita mwaka 2020. Tuseme wazazi wake waliamua amalize kwanza juzuu ya Amma, aandikishwe mwaka 2021. Tarehe 23 Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya UVIKO, na siku hiyohiyo mji wao ulivamiwa. Mwezi Agosti mji ukatekwa, ukakaa mikononi mwa waasi hadi Agosti 2021 ulipokombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Wenyeji walianza kurudi mwaka 2022. Katika muda huo familia ilikuwa Pemba, au Metuge, au Montepuez, ambako watoto wa jirani wanasema Kimakua. Aliyeandikishwa mwaka 2020 alisoma wiki chache kabla ya kufungwa. Aliyeambiwa angoje hakusoma hata hizo. Tofauti kati yao ni majuma saba hivi, na wote wawili walifika mbele ya mwalimu mgeni wakiwa na miaka minane au tisa, bila cheti, vyeti vikiwa vimeungua au vimeachwa nyumbani.

Mwalimu huyo anapaswa kuamua amweke darasa la ngapi. Akimwuliza kwa Kireno kama anajua kusoma, mtoto atanyamaza. Akimpa ubao na kumwuliza kwa Kimwani, huenda akaandika alifu, bee, tee, na kuendelea hadi mwisho. Sijaona daftari la shule, huku wala kule, lenye safu ya kujazia hilo.